Kilichobaki Kinakwenda Wapi

Wifi yangu alikuwa mwalimu wa fizikia. Kuna alama moja ndani ya lugha ya programu, lugha inayotumiwa na watu wa nchi nyingi, ambayo ilitoka kichwani mwake. Nasema ilitoka kichwani mwake, sisemi ni yake, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza. Watu wakisikia habari za programu hudhani ni mambo ya mashine. Hili lilikuwa jambo la mama mkwe wangu na nyumba yake ya ufukweni, na kama binti yake angebaki naye au angehamia mkoa mwingine.

Mimi ni mtu wa mlimani. Kwetu ni Ukata, kwa wakulima wa kahawa na mahindi. Nilisoma Kigonsera, nikaenda chuo, nikarudi Mbinga mjini na kazi ambayo baba yangu alifariki bila kuielewa. Kazi yenyewe ni kuitunza lugha ya programu. Lugha hizi hazijitunzi zenyewe, zina watu wanaozitengeneza, wanaoziba nyufa zake na wanaobishana kama kitu kipya kiongezwe au kisiongezwe. Timu yetu ni ndogo, kila mmoja yuko nchi yake, na tunaonana kwenye skrini. Mume wangu ni wa ziwani, Mwanglikana wa kuzaliwa, na rafiki zake humtania kwamba alipanda mlima kutafuta mahindi akarudi na Mmatengo. Wifi ninayemzungumzia ni dada yake mkubwa.

Alianza kwa kunichungulia. Shule zikifungwa alikuwa akipanda kuja kwetu, anakaa pembeni yangu na kikombe cha chai, anauliza. Likizo ya kwanza niliona anajipotezea muda. Iliyofuata akawa anayaona makosa yangu kabla sijayaona mwenyewe. Mimi nina hasira za karibu, nikamwambia akanunue kompyuta yake aniache. Akanunua, na hakuniacha. Akirudi shuleni kwake kule ziwani alinitumia maswali kwa simu, na mengi yalikuwa mazuri kuliko niliyokuwa nikiulizwa na timu.

Jambo lenyewe si gumu. Katika lugha yetu kuna njia ya kukiuliza kitu kina umbo gani. Unaipa programu kitu, kisha unaandika maumbo, moja chini ya jingine: kikiwa na umbo hili fanya hivi, kikiwa na umbo lile fanya vile. Programu inaanza juu, inajaribu umbo la kwanza, likikataa inashuka la pili, na kuendelea. Umbo la kwanza litakalokubali linakichukua kitu chote, na habari inaishia hapo. Waandishi wa programu wanaupenda utaratibu huu kwa sababu unasomeka. Kasoro yake iko kwenye kile "chote". Ukiwa na trei lenye vitu mchanganyiko, umbo moja haliwezi kuchukua chake likaviacha vingine viendelee. Inabidi mtu aandike mistari mingi ya kuvitenganisha kwanza, na mistari hiyo ndiyo inayojaa makosa.

Wifi alipendekeza alama ndogo, mkwaju mmoja, ule mstari ulioinama, mwishoni mwa umbo. Maana yake ilikuwa: chukua kinachokuhusu, kilichobaki kiache kiendelee. Nilipoisoma mara ya kwanza niliionea wivu. Nilikuwa nimeishi na kasoro ile miaka, nikaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama, na huyu amekuja juzi ameona pa kuusukuma.

Mwaka huo huo akaletewa barua ya uhamisho. Alipangiwa shule ya mkoa mwingine kabisa, mbali kiasi kwamba angerudi ziwani mara moja kwa mwaka akijaliwa, na alitakiwa kuripoti Januari. Kwa mwalimu asiye na mume wala watoto hilo si la ajabu, wakubwa huona ndiye mwepesi kuhamishika. Lakini nyumbani alikuwepo mama, aliyekuwa akiishi naye. Baba mkwe alishafariki, mume wangu ana kazi Mbinga, na mama hakutaka kusikia habari ya kuhama ufukweni. Tuliwahi kumleta akae nasi. Alilalamika kwamba baridi ya Mbinga inaingia mpaka kwenye meno, akawa anavaa sweta mbili jua likiwaka, na kabla ya Jumapili ya pili akaomba gari la kurudi. Miguu yake ilikuwa imeanza kukataa ngazi, na macho yalimtosha kutambua mtu kwa mwendo, si kwa sura. Asingeweza kuishi peke yake, na yeye mwenyewe alilijua hilo ingawa hakulisema.

Ndipo timu yetu ikatangaza kwamba kuna nafasi moja ya kudumu, na kwamba itapewa mtu wa nje ambaye pendekezo lake litakubaliwa kuingia kwenye toleo jipya. Kazi ingefanyika popote penye umeme na mtandao, na ufukweni siku hizi vyote vipo, isipokuwa mvua ikipiga sana. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mkwaju ukipita, wifi anaacha ualimu, anabaki na mama yake. Usipopita, Januari anafunga mizigo. Dirisha la mapendekezo lilikuwa linafungwa mwisho wa Novemba, na lingine lingefunguliwa baada ya toleo kutoka, katikati ya mwaka unaofuata.

Tuligawana kazi. Yeye aliandika maelezo na mifano, mimi niliandika sehemu ya ndani, ile inayoifanya alama iwe na nguvu. Timu ilijua ni wifi yangu, nilisema wazi, nikaondolewa kwenye kura. Tulifanya kazi kwa raha kweli. Alinitania kwamba Wamatengo hatuwezi kuandika kitu bila kukipangia matuta, nami nikamwambia watu wa ziwani hawajui mstari ulionyooka kwa sababu hawajawahi kuuona. Mifano yake yote ilikuwa ya maabara: trei lenye kipimajoto, mizani, lenzi, waya. Umbo la kwanza linachukua kipimajoto, la pili mizani, la tatu lenzi, na la mwisho linakusanya vilivyosalia. Kila tulipojaribu, majibu yalitoka sawasawa. Watu wa timu wakaanza kusifu.

Kisha mmoja wao, mtu makini ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana, akauliza swali la mstari mmoja kwenye ukurasa wa majadiliano. Aliuliza: kama kwenye trei kuna vipimajoto viwili, na umbo la kwanza limechukua kimoja, cha pili kinakwenda wapi?

Swali lilinichekesha kwa urahisi wake. Nikajibu palepale kwamba kilichobaki kinashuka kwa umbo la pili, kisha la tatu, hakirudi juu kamwe. Kipimajoto cha pili kitaishia kwenye umbo la mwisho pamoja na waya. Nikaenda sokoni. Niliporudi nikakuta wifi naye amejibu akiwa shuleni kwake, bila kuliona jibu langu. Yeye aliandika kwamba kilichobaki kinarudi trei, na trei linaanza upya kutoka umbo la kwanza, mpaka maumbo yote yakose cha kuchukua. Kipimajoto cha pili kitachukuliwa na umbo la kwanza kama mwenzake.

Waandishi wawili wa pendekezo moja, majibu mawili yanayopingana, yamekaa yamefuatana mbele ya watu wote. Mtu yule makini akaandika kwamba atasubiri tukubaliane.

Nilimpigia wifi nikiwa na hasira, nikidhani ameteleza. Hakuwa ameteleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole nimeitoa wapi habari ya kushuka, maana yeye hajawahi kuiandika. Nikafungua maelezo yake nimwonyeshe. Haikuwepo. Aliandika "kiendelee", na mimi nikasoma "kishuke". Na habari ya kurudi mwanzo nayo hakuiandika popote, kwa sababu hakuona kama kuna mtu anayehitaji kuambiwa. Mifano isingetusaidia kugundua. Kwenye maabara yake kila kifaa kilikuwa kimoja, na kitu kikiwa kimoja, njia yangu na njia yake zinafika mahali pamoja.

Jumamosi nikateremka ziwani. Mama alikuwa kibarazani na ungo wa usipa, vile vidagaa vya ziwani, anatoa takataka kwa vidole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza habari za mlimani. Wifi akatoa mkeka, tukakaa palepale mbele yake na kompyuta.

Nilimweleza ninavyoona. Sisi kwetu tunalima ngoro. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka mlima mzima unakuwa miraba, kisha akina mama wanachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Mlima unabaki na mashimo kutoka juu hadi bondeni. Mvua ikinyesha, shimo la juu linashika maji yake, likijaa yanayozidi yanashuka la pili, la pili likijaa yanashuka la tatu. Nimechimba mashimo hayo tangu nikiwa sijafika kiuno cha mama yangu. Kwangu mimi, ukisema vitu vimepangwa moja chini ya jingine, na cha juu kimechukua chake, sihitaji kuuliza kilichobaki kinakwenda wapi. Maji hayapandi.

Wifi akasema kwao hakuna cha juu wala cha chini. Mtumbwi ukirudi, nyavu zinamwagwa kwenye turubai, samaki wote chungu moja. Mmoja anatoa mbasa, mwingine anatoa magege, mwingine anakusanya usipa. Wakimaliza wanachokiona, wanaikoroga chungu na kuanza tena kwa mbasa, kwa sababu wakubwa hujificha chini ya wadogo. Wanakoroga na kuanza tena mpaka turubai libaki jeupe. Akasema mtu atakayeondoka baada ya zamu moja ataacha mbasa kwenye usipa, na watu watamcheka ufukwe mzima.

Tuliishi na alama ile miezi, tukiiandikia, tukiitetea, kila mmoja akiwa na alama yake. Nilicheka. Wifi hakucheka.

Nikamwonyesha ubaya wa njia yake. Kuna maumbo yanayokubali bila kuchukua chochote. Umbo kama hilo likiwa juu, trei litarudi mwanzo milele na programu haitasimama. Alishalifikiria, akasema umbo lisilochukua kitu lifutwe kwenye zamu inayofuata. Lilikuwa jibu zuri. Lakini nilijua maana yake kwa upande wa ndani: ningelazimika kubomoa karibu kila nilichojenga, na Novemba ilikuwa inaisha. Njia yangu ilikuwa tayari inafanya kazi. Ilikuwa nyepesi, na mtu akiisoma anajua itasimama wapi. Nilimwambia hayo yote. Nilimwambia pia kwamba mpaka mwisho wa dunia nitaamini njia yangu inaifaa zaidi lugha ile, na sikusema hivyo ili kumwonea. Naliamini hata leo.

Akaniuliza kama njia yake inaweza kupita dirisha la pili. Nikasema inaweza, ikipewa muda. Akasema dirisha la pili yeye atakuwa anasahihisha mitihani mkoa mwingine.

Muda wote huo mama alikuwa akiendelea na usipa wake. Hakuelewa maneno yetu na hakujifanya anaelewa. Aliweka ungo chini, akageukia upande ilikotoka sauti ya binti yake.

"Sasa mwanangu, unakwenda au unabaki?"

"Nitakwambia jioni, Mama."

"Mimi sikuzuii. Nataka kujua tu, nimwambie nani anitekee maji."

Wifi akainuka, akaenda kukaa kwenye jiwe lao la kufulia, miguu ndani ya maji, mgongo kwetu. Nilitaka kumfuata, mama akaniambia nimwache. Nikabaki nimeshika kompyuta mapajani kama mgeni aliyekuja na zawadi isiyo na mtu wa kuipokea. Ilinijia nimwambie asijali, nitabomoa, nitakesha, nitaandika yake. Niliipima kazi ile kichwani, nikaipima tena, nayo haikuingia katika siku zilizobaki. Kama ningeahidi, tungekosa zote mbili.

Alirudi akiwa amekausha miguu kwa khanga. Akavuta kompyuta yake, akafungua ukurasa wa majadiliano, akaandika mbele yangu. Aliandika kwamba jibu la mwenzake ndilo sahihi, kwamba kilichobaki kinashuka na hakirudi, na kwamba jibu lake la mwanzo lilikuwa kosa. Nikamwambia asiandike "kosa", aandike tu kwamba tumekubaliana. Akasema wale watu hawatamani kujua tumekubaliana vipi, wanataka jibu moja. Akabonyeza, ikaenda. Kisha akageuka.

"Nabaki, Mama."

Mama akasema haya, akaokota ungo wake. Baadaye kidogo nikaona anafuta macho kwa ncha ya kitenge, akisingizia vumbi la usipa.

Pendekezo likapita bila upinzani. Wifi akaandika barua ya kuacha kazi, akasikitikiwa na walimu wenzake waliodhani amechanganyikiwa, akaanza kwetu Januari ileile ambayo angeripoti mbali. Mtumishi mzuri kuliko yeye timu haijapata. Anasoma kazi za wengine kwa jicho la mtu aliyesahihisha madaftari miaka mingi, hakuna kinachompita. Alama ya mkwaju nayo imeenea. Nakutana nayo kwenye programu za watu nisiowajua, na maelezo ya lugha yanamtaja yeye kama aliyeileta. Watu wanaisifu kwa jinsi inavyoeleweka. Wanasema ukiitazama tu unajua kilichobaki kinashuka.

Dirisha la pili lilifunguliwa, likafungwa. Nilimkumbusha habari ya njia yake, tena nikajitolea kumsaidia. Alisema tuone. Lililofuata sikumkumbusha, na yeye hakulitaja.

Kilichonifanya niandike haya ni kitu kidogo. Mwaka huu nilipewa kazi ya kupitia programu zote za timu yetu, kuona ni alama zipi tunazitumia sisi wenyewe na zipi tumezitelekeza. Nikafika kwenye za wifi. Ni nyingi, ni safi, zinasomeka kama barua. Nilitafuta mkwaju kwenye ya kwanza sikuuona. Nikatafuta kwenye iliyofuata. Nikapitia zote. Kila mahali ambapo mkwaju ungemfaa, na ni mahali pengi, ameandika ile mistari mirefu ya zamani ya kutenganisha kwa mkono, anakoroga na kuanza tena. Hajawahi kuitumia alama yake hata mara moja.

Nilipokwenda kuwasalimia nilikuta wanaosha samaki nyuma ya nyumba, mama kwenye kigoda, yeye amechuchumaa. Wanafanana wakiinama. Nikamwamkia mama, nikachukua kisu, nikakaa nao. Nilimwuliza wifi kwa utani, kama tunavyoulizana kila kitu, mbona alama iliyomletea mkate haimo kwenye kazi zake. Nilitegemea anitanie na yeye, aniseme kwa matuta yangu.

Hakuinua uso. Alimaliza samaki aliyekuwa naye, akamtia kwenye beseni.

"Ile ni yako, wifi," alisema. "Mimi nilichukua kazi, nikae na mama."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayejibu ameulizwa saa. Mama akamwambia amsogezee maji, akamsogezea. Mimi niliendelea kuparua magamba ya samaki ambaye hakuwa na magamba tena.